Fundi wetu wa boila kamwambia mama yangu "VAA SWETA"

Binti Tanga, St. Paul
Mods, msiuunganishe uzi huu na mwingine wowote. Naandika mikono inatetemeka, nusu baridi, nusu hasira.

Mnamjua. Jina sitaji, wala sina haja. Kila mwenye nyumba ya zamani hapa Minnesota, Marekani, anayo namba yake, kapewa msikitini, kanisani au kwenye kikao cha harusi: "Mpigie huyu, ni mtu wetu, anaongea Kiswahili." Ndiyo huyo mtu wetu.

Nje leo nyuzi 24 chini ya sifuri. Nyumba yangu ya 1916, boila ya gesi iko besmenti, maji ya moto yanapanda kwenye zile rejeta za chuma za kupasha vyumba joto, nzito kama tembo aliyelala. Tangu Jumamosi rejeta za chini zinaunguza, za ghorofani zina joto miguuni tu, juu baridi kama kaburi, na ndani zinabubujika usiku kucha kama mtu anasukutua. Mama yangu, miaka 71, kafika kutoka Tanga mwezi wa 11, ndiye analala huko juu.

Basi mtu wetu kaja. Tuliagana saa 5 asubuhi, kafika saa 10 jioni. Kapanda na mabuti yake, theluji na chumvi ya barabarani, juu ya mkeka wa mama. Kagusa rejeta kwa kidole kimoja kama anaonja mchuzi. Mama kamuuliza kwa adabu, "Mwanangu, itapona?" Kamtazama, akasema: "Bibi, vaa sweta."

VAA SWETA! Mama alikuwa na sweta mbili, khanga doti nzima, soksi za mjukuu na blanketi. Ukimwongezea ya tatu anaviringika kwenye ngazi! Na huyo anayesema hivyo koti HAJALIVUA. Zipu hadi kidevuni, mvuke unamtoka mdomoni kama birika, anamwambia mama wa watu avae sweta.

Kashuka besmenti, kaigonga boila kwa ncha ya buti, kasema imekufa, mpya dola 11,000. Boila inayounguza rejeta za chini imekufaje? Dakika 11 nyumbani kwangu, dola 285, na chai ya tangawizi vikombe viwili. Chai aliyoipika mama! Mama aliyeambiwa avae sweta!

Mama hakunung'unika. Kainuka, kaenda kuvaa. Hapo ndipo nilipolia.

Mzee wa Theluji
Gari jeupe, ngazi juu, taa moja ya nyuma haiwaki?

Binti Tanga, St. Paul
Huyo huyo.

Mama Pacha
Kwangu alisema "mmezoea joto la kwenu". Kwani yeye kazaliwa kwenye friji?

Spana Mkononi
Pole ya mama, dada. Lakini na wewe! Unanunua nyumba ya miaka 100 hujui kutoa hewa kwenye rejeta? Chini moto, juu baridi, inabubujika: hewa imejikusanya juu, maji hayafiki. Ubavuni, juu kabisa, kuna kinati cha mraba. Ufunguo wake ni dola chache, duka lolote la vifaa. Zima pampu, anza na rejeta za chini ndiyo upande. Kinga kikombe, fungua robo mzunguko, itapiga sssss. Yakianza kutoka maji matupu, funga, na angalia mkono maana yanaunguza. Kisha katazame geji ya boila. Nyumba ya kupanda ghorofa moja inataka presha ya kama paundi 12 mfumo ukiwa wa baridi. Pungufu ya hapo, maji hayana nguvu ya kufika juu. Umelipa 285 kwa kazi ya kikombe.

Binti Tanga, St. Paul
Nilimlipa ili AJUE hayo yeye! Na kikombe hakifuti "vaa sweta".

Mpangaji Mchovu
Nyie mna boila ya kugombana nayo. Mwenye nyumba wangu anapunguza joto kwa simu akiwa Florida, nyuzi 17. Sheria ya Minnesota inamtaka atupe nyuzi 20 kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Nimemtumia kifungu, kanijibu kwa kidole gumba. Tumeishia kuacha oveni wazi tuote moto.

Spana Mkononi
Ya gesi? FUNGA SASA HIVI. Kaboni monoksaidi, sumu inayotoka kwenye moto wa gesi, haina harufu wala rangi, mtalala msiamke. Nunua king'ora chake leo.

Sinza Kwa Joto
Angalau fundi wenu kasema imekufa mara moja. Wangu wa AC kila akija "gesi imeisha". Gesi ya AC si ya kupikia! Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haiishi kama hapavuji. Mwaka huu kajaza mara 4, elfu 80 kila safari, hajatafuta panapovuja hata siku moja.

Mswahili wa Muscat
Njooni huku Julai. Tangi liko juu ya paa, nje nyuzi 45, bomba la maji baridi linaunguza. Tunazima hita ya bafuni ili maji yake yapoe humo ndani, kwa hiyo bomba jekundu ndiyo baridi, la bluu ndiyo moto. Mgeni wangu wa Unguja kafungua bluu, katoka mbio na povu hadi sebuleni mbele ya wakwe.

Sinza Kwa Joto
Hahaha! Tangi la rangi gani? Langu jeusi, saa 8 mchana naweza kusonga ugali.

Mswahili wa Muscat
Jeupe, na bado.

Binti Tanga, St. Paul
Nimetoa hewa chumba cha mama. Imepiga sssss karibu dakika nzima, sasa rejeta haishikiki. DOLA 285! VAA SWETA!

Sinza Kwa Joto
Mkuu wa Muscat, ukilijengea kivuli cha makuti hilo tangi?

Mswahili wa Muscat
Makuti nayatoa wapi huku? Nimeweka turubai, upepo umelipeleka kwa jirani.

Mama Pacha
Turubai funga na waya, kamba inaoza kwa jua.