Mrejesho: Paini iliyovunjika kilele imejijenga upya

Wakuu, niliuliza hapa kama paini yangu ya huku Masindi, Uganda, iliyovunjwa kilele na upepo, niikate au niiache. Niliiacha, na nimefurahi mno.

Matawi ya juu kabisa, yaliyokuwa yamelala, yalianza kujipinda kuelekea juu. Ncha ya mti hutengeneza homoni ya oksini inayoyazuia matawi ya pembeni yasisimame. Ikivunjika, kizuizi kinaondoka. Kwangu yalisimama mawili. Nikaacha lililonyooka zaidi, maana shina lenye panda hupasuka kirahisi.

Ndugu aliyenielezea Abies, jamaa ya paini wa nchi za baridi (kwa Afrika huota kiasili Morocco na Algeria), asante sana. Mti huo kwa kawaida hutoa duara moja la matawi kila mwaka, kwa hiyo ukihesabu maduara unakadiria umri. Ukipoteza kilele, tawi la juu hushika nafasi, au machipukizi yaliyolala kwenye shina huamka.

Ila hesabu hiyo msiilete kwa paini yetu ya huku, aina ya Pinus caribaea! Haina baridi ya kuisimamisha, hivyo hutoa maduara kadhaa kwa mwaka, na miti mingine hurefuka mita kadhaa bila tawi hata moja, kama mkia wa mbweha.

Pale palipovunjika pamebaki kiwiko. Mbao za hapo sizitegemei, kwa sababu mti unaojinyoosha hujaza upande wa chini mbao nzito zinazopinda zikikauka. Juu ya hapo shina limenyooka vizuri.