Msimamizi kapakia tasnifu yangu kwenye tovuti ya bure, mashine ikasema "71%", sasa naitwa mwizi

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za "AI itamaliza ajira". Huu ni wa jambo lililonikuta mimi na bado linaendelea.

Mimi ni muuguzi, niko kazini, nasoma masters kwenye chuo kimoja hapa nchini, sitakitaja. Tasnifu yangu ni ya kina mama wanaoacha kurudi kliniki baada ya kujifungua. Nimewafuata majumbani, nimekaa nao mkekani, nimewarekodi kwa ridhaa yao, nikitoka zamu ya usiku nasikiliza rekodi na kuandika neno kwa neno. Nikamaliza, nikatuma kwa msimamizi, nikasubiri marekebisho. Kilichorudi ni picha ya skrini kwenye WhatsApp: duara jekundu, "71%", na chini yake maelezo kwamba maandishi haya huenda yameandikwa na AI (akili bandia). Salamu hakuna. Nikaja kusikia jina langu limeshapelekwa kamati ya nidhamu.

Nikaenda ofisini. "Shikamoo Dokta. Hii kazi nimeandika mwenyewe, naomba uniulize chochote kilichomo." Jibu: "Sasa mashine ina ugomvi gani na wewe?"

Nilikuwa na begi zima. Daftari la uwandani lenye madoa ya chai, rekodi, na historia ya faili inayoonyesha kila aya ilivyoingia, ikafutwa, ikaandikwa upya. Hakugusa hata jalada.

Sasa tazameni mashine yenyewe ilichopaka rangi nyekundu. Sentensi inayosema Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Hiyo mlitaka niiandikeje, kwa mashairi? Ukurasa wa shukrani, pale nilipomshukuru mama kwa kunilelea watoto. Kubwa kuliko yote, ukurasa wa tamko, ule ambao maneno yake chuo ndicho kinatupatia na kutuamuru tuyanakili bila kubadili hata nukta: mwekundu juu mpaka chini. Yaani kwa hesabu ya mashine hiyo, chuo nacho kiitwe kamati ya nidhamu.

Hizi programu za kutambua AI hazina uwezo wa kujua nani kaandika. Nyingi zinachofanya ni kupima maneno yanatabirika kiasi gani. Kama neno linalofuata ndilo ambalo wengi wangelitumia, shaka inapanda. Mtu aliyejifunza Kiingereza darasani, akafundishwa kuandika sentensi safi na fupi kwa maneno ya kawaida, ndiye anayenaswa. Hili limeshapimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizipa programu saba za aina hii insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha 89 kati ya hizo 91 zilinaswa na angalau programu moja. Insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani? Zilipita karibu zote. Sasa niambieni, sisi ambao tumeanza kufundishwa masomo kwa Kiingereza kidato cha kwanza, tuko kundi gani?

OpenAI, wenye ChatGPT yao wenyewe, walitoa kitambuzi Januari 2023. Walikiri kinagundua asilimia 26 tu ya maandishi ya AI, na kinasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huohuo wakakiondoa. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kikazima kitambuzi cha AI cha Turnitin, ile programu ya kukagua kazi zilizonakiliwa. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mwaka 2022 walikusanya kazi 75,000, na hata kosa likiwa asilimia 1 kama kampuni inavyodai, ni kazi 750 zinazosingiziwa. Na hiyo ni Turnitin ya kulipia. Mimi nimehukumiwa na tovuti ya bure yenye matangazo ya kupunguza tumbo pembeni.

Lakini si hicho kinachoninyima usingizi. Tasnifu ile ilipakiwa NZIMA, pamoja na viambatisho. Ndani ya viambatisho kuna mazungumzo ya kina mama. Majina nimeyaondoa, sawa, ila kata ipo, umri upo, idadi ya watoto ipo, na kuna mmoja ameeleza jinsi alivyokuwa anapigwa na kwa nini hakurudi kliniki. Mtu wa kijijini kwake akisoma, anamjua. Ili nipate kibali cha maadili niliandika kwa mkono wangu taarifa hizi zitakaa wapi na nani ataziona. Fomu ya ridhaa niliwasomea kwa Kiswahili, wasiojua kusoma wakaweka dole gumba. Leo maneno yao yako kwenye seva ya watu nisiowajua, nchi nisiyoijua, kwa masharti ambayo msimamizi wangu hakuyasoma.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za afya sheria inaziita nyeti, na kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti yake. Nilipolitaja hili kwenye kikao cha kamati ya nidhamu, mjumbe mmoja akasema "usihamishe mada binti". Mada ni nini basi? Tunaambiwa tutumie AI kwa uwajibikaji, mwenye kuvujisha siri za wagonjwa anakaa meza kuu, mimi nasimama mlangoni.

Na tusifanyane watoto. Wahadhiri nao wanaitumia, na sina shida nao. Muhula uliopita tuligawiwa handout ya takwimu, kurasa za kutosha, nzuri tu. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kuna sentensi imesahauliwa inauliza: je, ungependa nikuandalie pia maswali ya mazoezi pamoja na majibu? Darasa zima tulicheka, mwalimu akacheka, maisha yakaendelea. Hakuna aliyeitwa kokote.

Simaanishi udanganyifu haupo. Upo, na unanikera kuliko mnavyodhani. Kwenye kazi za kikundi nimekuta marejeo ya makala ambazo hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote, yenye jina la jarida, namba na kurasa. Mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kwa hiyo mjue mchezo huu si wa wanafunzi peke yao. Na zipo steshenari jirani na vyuo, mnazijua, unalipa, unaandikiwa sura tano. Hao jamaa wanaipitisha kazi kwenye programu ya kuvuruga vuruga maneno, kitambuzi kinasoma sifuri, mteja anavaa joho. Anayenaswa ni mjinga aliyeandika mwenyewe.

Mwongozo ungekuwepo ningejua nimevunja nini. Chuoni kwetu kitabu cha kanuni za mitihani kina karatasi za kuingia nazo ukumbini, kina simu, kina kufanyiana mtihani. AI haimo. UNESCO mwaka 2023 iliuliza shule na vyuo zaidi ya 450 duniani, chini ya asilimia 10 ndio waliokuwa na sera au mwongozo wowote, basi sisi si wa kwanza. Ila kama hujaandika kanuni, unaadhibu kwa kitu gani?

Ninachotaka ni kidogo mno. Waniweke mbele ya jopo, wanipe ubao na saa moja. Wachague mama yeyote kwenye sura ya nne, niwaeleze kwa nini nilimweka kundi lile na si jingine, wafungue rekodi tusikilize wote. Aliyeandikiwa atajulikana kabla chai haijapoa. Viva, yaani kutetea tasnifu kwa mdomo, ilikuwepo kabla ya kompyuta na haihitaji intaneti.

Sasa msaada, na tafadhali wenye majibu tu, wa "ungekubali tu yaishe" pita kimya:

Kuna aliyewahi kukata rufaa seneti kwa kesi ya AI akashinda? Ulitumia hoja gani? Malalamiko ya Tume ya Taarifa Binafsi napeleka mimi, au lazima wapeleke wale kina mama wenyewe? Maana kumpigia simu yule mama na kuanza kumweleza neno "seva" sijui naanzia wapi. Na je, waliotoa kibali cha maadili natakiwa niwaandikie mimi kuripoti uvujaji huu, wakati aliyeuvujisha ndiye anayetakiwa kusaini barua yangu?

Fomu ya rufaa inataka "ushahidi mpya". Ule wa zamani bado uko kwenye begi, haujafunguliwa.