Meli ya starehe "kila kitu kimelipiwa", kumbe kufua shati moja dola 5 na mwenyewe huruhusiwi kufua!

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za jioni.

Nimerudi Tanga na hasira zangu zote, sikuziacha uwanja wa ndege. Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite tu, asije kuniandikia "fupisha mzee".

Mimi ni mstaafu wa bandari. Wale wa zamani mnakumbuka, kabla gati la Tanga halijaongezwa kina, meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali huko na mzigo unafuatwa kwa matishari. Nimeingia kwenye ngama za meli sana, nimehesabu magunia na katani mpaka macho yakaniuma. Kuwa abiria wa meli ya starehe ndiyo sikuwahi. Sasa binti yangu yuko Uingereza, muuguzi, akachangishana na ndugu zake wakatulipia mimi na mama yao safari ya usiku 14: kupandia Southampton, kushuka Ureno na Hispania, kisha kurudi. Mungu awazidishie. Malalamiko yangu hayawahusu wao.

Yanamhusu wakala, na yanaihusu kampuni ya meli. Wakala alimwambia binti yangu kwamba kila kitu kimelipiwa. Mama yake, mtu wa Ngamiani huyo, haridhiki na "kila kitu". Akamwambia mtoto amuulize tena: na kufua je? Jibu likaja: kufua kupo, msibebe mengi. Basi hatukubeba mengi. Mimi kanzu mbili, mashati machache, suruali na msuli wa kulalia. Yeye madera na doti zake za kanga, na pasi ndogo ya kunyooshea nguo safarini. Kipande cha sabuni ya mche akakisokomeza ndani ya soksi yangu, nikamcheka.

Pasi ilikamatwa Southampton kwenye mashine ya ukaguzi. Tukapewa kikaratasi, mtaichukua siku ya kushuka. Sawa. Moto melini si mchezo, hilo sihitaji kufundishwa na mtu.

Nguo zikaanza kuchafuka. Nikafungua droo ya kabati nikakuta mfuko na fomu ya bei. Wakuu! Shati dola 5. Suruali dola 7. Gauni dola 9. CHUPI MOJA DOLA 2! Na hapo ni kufua peke yake, pasi ina safu yake na bei yake. Kwa fedha yetu shati moja linapita shilingi elfu kumi. Nenda kwa dobi yeyote Makorora na elfu kumi uone utarudi na fungu la ukubwa gani, limefuliwa, limepigwa pasi, na salamu juu.

Nikasema labda nasoma vibaya. Nikashuka mapokezi na fomu mkononi, maana humo hamkuwa na kanzu wala kanga wala msuli. Binti wa kaunta akanipangia palepale: kanzu ni gauni refu, dola 9. Kanga kila pande ni nguo moja. Nikamwambia mwanangu, doti ni moja, ina mapande mawili. Akatabasamu. Wale wanafundishwa kutabasamu, ukigomba wanatabasamu zaidi. Kwa hesabu yake, doti za mke wangu peke yake zingekula posho ya siku nzima.

Akanitajia ofa. Katikati ya safari huwa wanatoa mfuko mmoja, dola 35, unajaza unavyoweza. Uso ukaninawiri. Kumbe mfuko wenyewe ni wa soksi, nguo za ndani, fulana na nguo za kulalia TU. Sasa nani anashindwa kufua soksi? Kitu kinachomsumbua mtu melini ni vazi refu, na hilo ndilo wamelitoa kwenye ofa.

Nikauliza swali ambalo ndilo kiini cha uzi huu. Mashine ya abiria kufulia mwenyewe iko sitaha gani? Niko tayari kulipia. Jibu: hakuna. Meli nzima, maelfu ya watu, mabwawa ya kuogelea, kasino, ukumbi wa maonyesho, ukuta wa kupanda kwa kamba, na hakuna mashine hata moja ya abiria kutia shati lake. Kwa nini? "Ni kwa usalama wenu."

Hapo ndipo waliponikosea, kwa sababu mambo ya meli mimi nayafuatilia.

Ni kweli chumba cha kufulia ni mahali pa hatari. Nyuzinyuzi za nguo zinazotoka kwenye mashine za kukaushia zinashika moto haraka sana. Julai 1998 meli inayoitwa Ecstasy iliwaka moto ikiwa ndiyo kwanza inatoka Miami. Moto ulianzia dobi kuu la meli. Mafundi walikuwa wanachomelea, cheche zikadaka nyuzi zilizojazana kwenye mabomba ya hewa, moto ukapita humo mpaka sitaha ya nyuma zilipowekwa kamba za kufungia meli. Nani alikuwa anachomelea? Wafanyakazi wa meli. Dobi la nani? La meli. Hakuna bibi wa Tanga pale aliyekuwa na pasi yake. Kwa hiyo kunikataza pasi chumbani nakubali, kunikataza kutundika nguo roshani nakubali pia, maana upepo ukiirusha inaweza kutua pabaya. Lakini usalama hauelezi kwa nini hakuna chumba kimoja chenye mashine, kimejengwa vizuri na kina msimamizi. Queen Mary 2 ina vyumba vya abiria kufulia, tena bure, na pasi zimo humo humo. Meli za Princess zinavyo, unalipia. Hizo zinaelea kwenye bahari ileile na zinafuata mikataba ileile ya usalama. Imekuwaje kwao iwezekane?

Msiniambie maji pia. Meli hizi zinatengeneza maji baridi zenyewe kutoka baharini, kwa joto la injini na kwa vichujio vya shinikizo. Maji ya kujaza mabwawa na mabeseni ya mapovu yapo, ya kusuuza kanga ndiyo yakosekane?

Mimi sababu naiona ni moja. Nafasi ya chumba cha kufulia ni nafasi ya chumba cha kuuza. Na abiria asiyeweza kufua atalipa dola 5.

Tukaamua kufua bafuni. Bafu lenyewe ukiinama kusugua makalio yanafungua mlango. Sinki linaingia fulana moja, ya pili inasubiri zamu. Ile sabuni ya mche niliyoicheka ndiyo ikawa mkombozi wetu, naye hakuacha kunikumbusha. "Baba watoto, soksi imekufaa?" Kila jioni. Kuna kikamba cha kuvuta juu ya bafu, kinabeba nguo mbili za ndani, ukiongeza ya tatu kinalegea kama msuli wa mzee. Chumba chetu hakikuwa na dirisha, bafuni unyevu haukauki. Tanga ukianika asubuhi adhuhuri unaanua, pale shati lililala siku mbili na bado lina ubichi kwapani, harufu ikaanza.

Aliyetuokoa ni kijana wa Likoni anayefanya kazi kwenye mgahawa wa juu. Alisikia tunagombana kwa Kiswahili foleni ya chai. "Shikamoo mzee, shikamoo mama." Nilitaka kumkumbatia. Akatufundisha: nguo ukishaikamua ilaze juu ya taulo kavu, kunja vyote kama mkeka, kanyaga kwa miguu, taulo litanyonya maji. Halafu usianike bafuni, anika chumbani karibu na tundu la kiyoyozi. Na kuta za vyumba ni chuma, sumaku zenye ndoano zinanata, wazoefu wote wanakuja nazo. Kanzu iliyojikunja itundike bafuni, fungulia maji ya moto, funga mlango, mvuke utainyoosha kidogo. Yote yalifanya kazi, nawapa bure.

Akatuambia na jingine. Huko chini wanakolala wafanyakazi kuna mashine zao za kufulia, hawalipi kitu. Sina kinyongo nao, vijana wale wanafanya kazi miezi bila kuona kwao, wafue mpaka waridhike. Lakini ina maana mashine zimo melini, mabomba yamo, na ujuzi wa kuzilinda na moto upo.

Ukafika usiku wa mavazi rasmi. Mama watoto akasema kanzu ya mvuke haendi nayo mbele za watu, tulipie hii moja. Tukalipia moja, pamoja na doti moja mpya ambayo hakuwahi kuifua. Akaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: MAJI BARIDI, PEKE YAKE. Kila mwanamke wa pwani anajua kanga mpya maji ya kwanza inatoa rangi, nyumbani inalowekwa na chumvi, haikutanishwi na kitu. Wao wakatia vyote kwenye mashine moja, na maji ya moto. Kanzu yangu nyeupe ya Idi ikarudi rangi ya juisi ya ukwaju, tena imepanda juu ya kifundo kwa joto la kukaushia. Imekunjwa vizuri, imetiwa kwenye mfuko wa nailoni, na kikaratasi cha kutushukuru.

Nikaenda mapokezi nayo. Nikaonyeshwa maandishi madogo nyuma ya fomu: kampuni haiwajibiki kwa nguo inayotoa rangi wala inayopungua ikifuliwa. Nikawauliza, na maagizo ya mke wangu ya maji baridi? Tabasamu. Wakajitolea kunirudishia dola 9 za kufulia. Kanzu ile imeshonwa na kudariziwa kwa mkono shingoni, dola 9 hainunui hata uzi wake. Nilikula chakula cha usiku ule na shati lililonyooshwa kwa mvuke na koti la kuazima, nikiwa kimya. Mke wangu alisema ndiyo mara ya kwanza kuniona nimenyamaza mezani.

Lisbon sasa. Meli inafunga chini kabisa ya mtaa wa Alfama, karibu na stesheni ya Santa Apolonia. Mji wa Wareno, hao hao waliokuja kwetu na Vasco da Gama, na mwaka 1499 wakaichoma São Rafael, meli yao wenyewe, huku kwetu Mtangata upande wa Tongoni, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Nilitamani sana kuuona mto walikotokea. Sikuuona vya kutosha, kwa sababu siku hiyo tulibeba mfuko wa nguo chafu mgongoni tukapanda vilima kutafuta dobi la sarafu. Watu wa meli wenzetu wanapita na tramu namba 28 wanapiga picha, sisi tumekaa kwenye benchi tunatazama ngoma inazunguka. Bei sitaikumbuka hasa, ila mzigo wote ulifuliwa na kukauka kwa pesa ambayo melini ingefua mashati mawili hivi.

Na lililoniudhi kuliko yote: Alfama nzima nguo zinaning'inia madirishani. Shuka, suruali, chupi za mabibi, juu ya vichwa vya watalii, na watalii wanazipiga picha kwa mapenzi. Mke wangu akasimama akazitazama, akasema, "Hawa watu wana akili."

Sasa nataka mambo mawili, na naomba wanaojua wanisaidie.

Moja, mawakala wanaouza safari hizi, wa huko na wa huku kwetu. Semeni KABLA ya kupokea pesa: meli hii ina mashine ya abiria au haina, na bei ya shati ni kiasi gani. Ni maswali mawili tu. Mtu akiambiwa ukweli atabeba sanduku la pili, tiketi nyingi za ndege kutoka Dar zinaruhusu. Kumwambia "kufua kupo" ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Pili, kanzu. Fomu ninayo, maandishi ya mke wangu yanasomeka, risiti ninayo, picha nimepiga kabla sijaondoka kaunta. Nimeshawaandikia barua pepe kampuni, nimejibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu. Aliyewahi kulipwa nguo iliyoharibiwa melini aje hapa aseme alipitia njia gani: kampuni moja kwa moja, wakala, au benki ya kadi iliyolipia?

NYONGEZA: Naona mnaniuliza faragha ni kampuni gani. Sitaitaja mpaka dai liishe, nisije nikajiharibia. Na wewe uliyeandika "mzee ungenunua fulana mpya kila bandari", pensheni yangu unaijua? Wenye jibu la dai la kanzu ndio nawasubiri.