Gunia ni nini hasa? Nani anaamua maana ya neno, kamusi au mwenye gari?

mkulima_umalila:
Wakuu habari za jioni. Mi niko Umalila huku Mbeya nalima viazi, mambo ya lugha sijasomea, ila mdogo wangu anasoma isimu chuo na alipokuja likizo tumebishana mpaka ugali ukapoa. Anadai neno lenyewe halina maana, ni sauti tu, maana inatokana na watu kukubaliana. Nikamwambia haya, twende kwenye neno gunia. Msimu huu dalali kaja shambani tumepatana bei ya gunia, vijana wake wakaanza kujaza, gunia likajaa, wakaongezea kipande cha gunia lingine kwa juu, wakajaza tena wakashonea na kamba, limetuna kama mama wa miezi tisa hlf jamaa anasema "gunia moja hilo". Namwambia hiyo ni lumbesa, ananijibu huku wote tunaita gunia. Sasa hayo makubaliano mi nilikubali lini? Nijibuni kitaalamu lkn kwa lugha inayoeleweka.

dalali_kabwe:
😂😂 Kaka gunia ni gunia. Tukifika Dar mteja anasubiri lile lenye kichwa, ukimshushia lililoishia mdomoni anakuuliza hili nusu gunia umelitoa wapi. Kwa hiyo maana ya gunia inatoka Dar, haitoki Umalila. Mwambie mdogo wako aandike hiyo kwenye mtihani.

binti_isimu:
Mdogo wako yuko sahihi ila kaikata habari katikati. Hoja hiyo inajulikana zaidi kwa Ferdinand de Saussure, mtaalamu wa lugha, Mswisi wa Geneva, alifariki 1913 na wenzake wakakusanya madaftari ya wanafunzi wake wakachapisha 1916. Anasema neno lina pande mbili, sauti na dhana, na hakuna sababu ya kimaumbile ya sauti hii kubeba dhana ile. Sisi tunasema mti, Mnyakyusa anasema umpiki, na mti wenyewe umesimama palepale wala haujali. Wengi wanaishia hapo wanadhani basi kila mtu aite anavyotaka. Hapana!! Huyohuyo alisisitiza kwamba mtu mmoja hawezi kulibadili neno, unazaliwa unalikuta linatumika, hakuna aliyekuita kwenye kikao. Kwa hiyo ukiuliza ulikubali lini, hukukubali, na hakuna aliyewahi kuulizwa. Ila sasa mtazame dalali wako. Hakusema "mimi naita gunia", kasema "huku WOTE tunaita". Anajua fika kwamba akisimama peke yake neno halimtii, lazima aonyeshe ana jamii nyuma yake.

Ticha_Kyela:
Dada hapo umegusa penyewe, naongezea moja. Huku kwetu Kyela shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali. Mwingereza vyote vitatu anaviita kwa neno moja na maisha yanaenda. Maana yake mchele haupati maana kutoka kwenye ile punje peke yake, unaipata pia kwa sababu mpunga kaubana huku na wali kaubana kule. Ondoa neno wali kwenye lugha uone kama mchele hautapanuka mpaka kwenye sahani.

Sasa rudi kwenye viazi. Gunia na lumbesa ni majirani. Muda wote neno lumbesa linatamkwa, gunia inabaki ile iliyojaa mpaka mdomoni ikafungwa. Siku mkiacha kulitamka, gunia inameza eneo lote, na bei inabaki ileile. Huyo dalali hajakuibia kwenye mizani maana mizani hamkuwa nayo, kakuibia kwa kufuta neno moja. Na kwenye kamusi usitegemee msaada, itakuambia ni mfuko mkubwa basi, haitakuambia viazi viingie mpaka wapi.

dalali_kabwe:
Ticha umeniita mwizi kisomi kabisa 😂

mzee_kihesa:
Kamwene wadau, niko Iringa. Mnaongea kana kwamba maneno yametulia sehemu moja. Chukueni kiroba. Kiroba ni kile kimfuko cha unga, baadaye ikawa zile pombe za pakiti, ikafika mahali ukisema fulani anapenda viroba hakuna anayefikiria sembe. Machi 2017 serikali ikapiga marufuku pombe za pakiti, na leo mtoto ukimtuma kiroba analeta unga na wala hajui kwa nini wakubwa wanacheka. Au sado. Lilikuwa kopo la rangi ya Sadolin, rangi ikaisha kopo likabaki, akinamama wakapimia maharage, leo ni kipimo na wengi wanaopimiwa hawajawahi kuiona hiyo rangi. Hakuna profesa aliyeitisha mkutano. Ndo maana mimi namuelewa zaidi yule mwanafalsafa Wittgenstein, alifariki 1951 na kitabu chake kikatoka 1953, kwamba mara nyingi maana ya neno ni namna linavyotumika. Mtu wa Tukuyu akikuambia ugonile saa nane mchana, ukilichambua neno anakuuliza kama umelala, lkn nani anaulizia usingizi wako saa hiyo? Anakusalimia. Ndo hivyohivyo na "gunia moja hilo", hapo dalali hakupi taarifa ya ujazo, anafunga biashara. Ukinyamaza imefungwa.

binti_isimu:
Shikamoo mzee. Nakubali nusu. Matumizi, sawa, lakini matumizi ya NANI? Tukiishia kwenye matumizi tu basi mwenye gari anashinda siku zote, kwa sababu yeye anaongea na vijiji vyote na mkulima anaongea na dalali mmoja. Ndo maana kuna maneno jamii inayatoa mikononi mwa mazoea na kuyafungia kwenye sheria. Lumbesa ilishapigwa marufuku, Wakala wa Vipimo wanasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Na hata kilo yenyewe haikushuka mbinguni, tangu 1889 ilikuwa ni kipande cha madini kimetunzwa karibu na Paris, dunia nzima inalinganisha nacho, mpaka 2019 wakakiacha wakaifunga kilo kwenye namba ya fizikia isiyobadilika. Ni makubaliano vilevile! Tofauti ni kwamba haya yameandikwa na yana wa kuyalinda. Kilo huwezi kuishonea kichwa.

Ticha_Kyela:
"Kilo huwezi kuishonea kichwa" naenda nayo darasani kesho, samahani siombi ruhusa.

mkulima_umalila:
Dada, ticha, mzee wangu wa Kihesa, asanteni sana, ndaga. Kwa hiyo nikielewa vizuri, nikikubali tu kuita gunia nimeshauza vya juu bure, na nikisema lumbesa anasema huku hakuna hilo neno. Basi msimu ujao mi hayo maneno mawili yote naachana nayo, nauza kwa kilo.

dalali_kabwe:
Uza kwa kilo kaka hakuna aliyekukataza. Ila mizani nani anaipandisha mpaka huko kwenu na mvua ile, na gari linakusubiri upime gunia moja moja mpaka saa ngapi? Wenzako watapakia tutakuacha.

mkulima_umalila:
Mizani tunachanga kikundi, hilo tuachie sisi. We niambie hapahapa mbele za watu, kilo moja ya viazi shambani unanunua shilingi ngapi?

dalali_kabwe:
Njoo inboksi.