Mume akinywa kwa kaka yake anarudi anaimba, akinywa grosari ya kona napigwa. Nifanyeje wakuu?

Mama Kulwa
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri ila matusi wekeni pembeni. Nipo Mbeya, ndoa ina miaka sita, watoto wawili. Mume wangu anakunywa tangu namjua na sikuona shida maana hata kwetu Njombe nimekulia kwenye ulanzi. Kinachonichanganya ni hiki, akinywa harusini au kwa kaka yake anarudi na mishikaki kwenye mfuko anaimba analala zake. Akinywa grosari ya hapa kona, ile yenye pool na watu wa kubeti, najua tu kwa anavyofungua geti. Anaanza na chakula, mbona kimepoa, halafu lete simu, nani kakupigia, halafu ndo kofi. Jumamosi iliyopita kanipiga mkanda mtoto mkubwa anaona, kisa nimesema ada bado haijalipwa. Asubuhi ananiuliza jicho limefanya nini.
Wifi anasema ninunue kreti niweke ndani awe ananywea nyumbani. Mama mkwe anasema nimfuate kabla ya saa nne nimrudishe. Kipi bora?

Ngosha wa Ziwa
Tusikie na upande wa mume. Mtu katoka kuhangaika anaulizwa ada usiku wa manane, ungesubiri pombe zimtoke.

Bi Tatu
@Ngosha wa Ziwa kwa hiyo ada ikiulizwa saa tano usiku jibu ni mkanda? Ungekuwa mkanda wa dada yako ungeandika hivyo? Pita kule.

Kaunta ya Zamani
Dada pole sana. Mi nimeuza bia kaunta muda mrefu kabla sijaacha, acha nikwambie huko kona kunaendaga nini. Wanakaa wale wale, meza ile ile. Mmoja akipigiwa simu na mkewe wenzie wanamcheka, bosi kapiga, nenda kaoshe vyombo, basi anaizima simu anaagiza raundi ya watu wote ili aonekane dume. Hapo mkeka wa kubeti umeshachanika kwa goli la dakika za mwisho, hela ya ada ilikuwemo humo humo, bili inasoma na mwenye grosari keshamnong'oneza kuwa deni la wiki iliyopita bado. Anatoka pale kachekwa, kaliwa, anadaiwa, na wa kwanza kumuuliza habari ya hela ni wewe.
Kwa kaka yake hakuna wa kumcheka wala wa kumdai ndo maana anarudi anaimba.
Ila usije ukamtetea kwa hayo niliyosema. Hao hao tulikuwa tunawaona, baunsa akisema tunafunga wanakuwa wapole, samahani mkuu, tunatoka mkuu. Mwenye grosari anayemdai hajawahi kumnasa kofi hata siku moja. Kalewa vile vile lakini anajua nani apigwe na nani asipigwe.
Na usimfuate kule!! Waliokuja kuchukua waume zao nimewaona, anatoka anatabasamu mbele za watu, kwenye bodaboda kimya, nyumbani ndo unalipia kumdhalilisha.

Mkenya Mpole
Pole dadangu. Hiyo ya kreti wacha kabisa. Huku Kenya sheria ya pombe ya 2010, ile ya Mututho, ilifanya baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za wiki na zifungwe saa tano usiku, tukadhani nyumba zitatulia. Kisha 2020 korona ikafunga baa, wanaume wakanywa kwa nyumba, na simu za kuomba msaada pale 1195 zikaongezeka sana. Kwa baa angalau kuna macho ya watu. Kwa nyumba ni wewe na yeye na mlango umefungwa.

Mzee wa Komoni
Wanangu msiisingizie kubeti peke yake. Utafiti wa WHO uliotoka 2005 uliwauliza wanawake wa huku kwetu Mbeya waliowahi kuwa na mwenza, 56 kati ya 100 walishafanyiwa ukatili na mwenza wao, wa kipigo au wa kingono, Dar ilikuwa 41. Mikeka ya kubeti mnayoijua nyie ilikuwa haijafika huku. Vilabu vyetu vya komoni, pombe yetu ya kienyeji, walikaa wake kwa waume na wazee, mtu akianza fujo anatolewa, lakini njiani kurudi palikuwa giza na hakuna mzee wa kukuamulia. Viroba navyo, zile pombe kali za pakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017, nilifurahi, lakini mkono wa kupiga haukuwa ndani ya kiroba.

Ustawi Kata
Mama Kulwa, kanywa wapi isiwe ndo swali lako kubwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, haijaweka nafasi ya mlevi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto hapo kituo cha polisi, utapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni bure, daktari anajaza. Nenda mapema, jicho likishapona ushahidi unapungua. Siku za mechi usiwepo nyumbani anaporudi, na ugomvi ukianza usikimbilie jikoni, kuna visu na mlango mmoja.

Mama Kulwa
Asanteni, nimesoma zote hadi ya Ngosha. Nikienda dawati lazima wamfunge? Ndo anayelipa kodi ya nyumba.

Ustawi Kata
Kwenda kuripoti sio kufungwa hapo hapo. Waeleze yote na hofu yako ya kodi usiifiche. Ukitaka kusuluhishwa kuna baraza la usuluhishi la kata, ila mimi kwa mkanda mbele ya mtoto nisingeanzia huko.

Bi Tatu
Na wifi mwambie kreti akaweke kwake.

Mama Kulwa
Hahaha nitamwambia. Kesho asubuhi naenda dawati na dada yangu. Jumamosi kuna mechi, nalala kwake Ilomba na watoto, nguo nimeshaanza kuzipeleka kidogo kidogo.

Kaunta ya Zamani
Peleka na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa. Hivyo ndo huwa wanachoma.