Naomba ushauri: mafuta ya JVN kwa nywele za kipilipili

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mtanzania, naishi Minneapolis, Marekani. Mwaka wa tatu sasa sijatia dawa nywele. Baada ya kusuka rasta za kubana sana, nywele za mbele zimekatika. Nikipitisha kidole juu ya sikio la kushoto nagusa ngozi tupu, upana wa kidole gumba. Inaniuma, nafunga kilemba kila siku.

Rafiki yangu ananishawishi ninunue JVN Hair, bidhaa za nywele alizozianzisha mwaka 2021 Jonathan Van Ness, msusi wa Queer Eye, kile kipindi cha Netflix cha kubadilisha watu mwonekano. Hazina silikoni, ile kemikali ya kulainisha na kung'arisha nywele, badala yake wanatumia hemiskwaleni, mafuta mepesi yanayotengenezwa kutokana na miwa. Nampenda sana yule msusi, jinsi anavyomshika mtu kichwa kwa upole. Lakini kwenye kipindi tunaona nywele zikiwa zimetoka tu mikononi mwa fundi, hatuoni zinavyokuwa baada ya wiki mbili. Tena Amyris, kampuni iliyozindua naye, ilifilisika 2023 na chapa ikauzwa.

Aliyezitumia kwenye kipilipili kigumu, mafuta mepesi hivyo yanashika unyevu kweli, au yanakauka kabla ya jioni? Naweza kupaka juu yake mafuta ya nazi, yale mazito ya kukamua nyumbani? Na hicho kipara, nianze kwa daktari wa ngozi kwanza? Dada zangu, nisaidieni, natakiwa kusuka tena mwezi ujao kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu.