Tupeane uzoefu: msemaji fasaha ni yupi, na ulimi mzito unanyooshwaje?

Wa Chumbageni
Juzi kwenye posa huku Makorora, Tanga, mshenga kasimama, maneno yanamtoka kama maji, mara akasema: "Nasi tunaijua samani ya binti yenu." Alikusudia thamani. Mzee wa upande wa pili akamjibu papo hapo: "Samani nendeni kwa seremala, hapa pana mtoto wa watu." Ukumbi mzima kicheko. Bado wapo wanaomwita fasaha kwa kuwa hakukwama hata mara moja. Wajuzi, semeni.

Binti Pangani
Huyo ni msemaji, si fasaha. Kutokwama ni nusu tu ya kazi. Fasaha neno lake linafika zima: sauti zake, mkazo wake, na limekaa palipostahili. Tena tuseme "wasemaji fasaha", "lugha fasaha". Neno hili likisifu halibebi kiambishi, hivyo hatusemi "wasemaji wafasaha".

Mrima Bagamoyo
Kweli kabisa dada.

Mtoto wa Ngamiani
Jamani, posa ilijibiwaje?

Wa Chumbageni
Imekubaliwa. Ila wameomba siku ya mahari aje msemaji mwingine.

Mtoto wa Ngamiani
Maskini! Wamemwonea.

Mwalimu Mstaafu
Hawakumwonea, ila kasoro yake inarekebishika. Kwa th na dh, toa ncha ya ulimi kidogo katikati ya meno, kisha pitisha hewa. Weka vidole kooni: kwenye dh koo litetemeke, kwenye th litulie. Ukiurudisha ulimi nyuma ya meno unapata s na z, ndipo thamani inageuka samani na dhambi inakuwa zambi. Gh inatoka nyuma, shina la ulimi likaribie kaakaa laini bila kuliziba. Ukiziba, ghali inakuwa gali. Zirudie jozi hizi polepole, mwendo uje baadaye. Wengi wanaanza na mwendo na makosa yanaganda.

Halafu mkazo. Kwa kawaida unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: barabára ni njia. Ukiupandisha nyuma, barábara, maana inageuka kuwa "sawasawa".

Na pumzi! Usikate "kwa ajili ya… binti yenu". Vuta pumzi kabla ya "kwa ajili", fungu zima litoke pamoja. Pale unapotaka kusema "aaa" au "yaani", nyamaza.

Tongoni Asilia
Mwalimu, hapo unachanganya fasaha na Kiswahili sanifu. Usanifu umejengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, na kamati iliyousimamia imeundwa 1930. Kwani bibi zetu waliokuwa wakisema Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu ya Tanga, walikuwa mabubu?

Mwalimu Mstaafu
Sijataja usanifu, mwanangu. Mtu anaweza kuwa fasaha ndani ya Kimtang'ata chake. Lakini thamani na samani ni maana mbili, hilo halina lahaja.

Tongoni Asilia
Hapo sawa. Ila wasije watu wakadhani ufasaha unapimwa kwa kamusi.

Binti Pangani
Wala haupimwi kwa ukoo. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani 1909, asili yake Myao, na nani wa Tanga aliyemfikia?

Mrima Bagamoyo
Ghanini mashairi. Mshororo wa mizani (silabi) 16, pumzi kwenye ya 8. Kifua kinazoea kugawa maneno.

Wa Chumbageni
Hapana bwana, wanaoghani sana wakihutubia wanaimba. Bora madrasa: aliyesomeshwa vizuri herufi za Kiarabu tha, dhal na ghain amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Mtoto wa Ngamiani
Tafuna tangawizi kabla ya kusimama.

Binti Pangani
Tangawizi inasafisha koo, haimwonyeshi ulimi pa kukaa. Asome kwa sauti ukurasa mmoja kila jioni, mtu mwingine akifuatisha kwenye karatasi na kutia alama kila alipoteleza. Mwenyewe hutajisikia, sikio lako limeshazoea kosa.